CHARLES BABBAGE NA KENGELE YA MAKOSA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wengi wetu tunaosoma somo la kompyuta tulikutana na jina la Charles Babbage tukiwa Kidato cha Kwanza, katika ile sura ya historia ambayo mtu huikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau kesho yake. Tuliambiwa tu kwamba alikuwa Mwingereza na kwamba yeye ndiye baba wa kompyuta. Basi. Ukiandika hivyo unapata alama yako moja na kuendelea na swali linalofuata. Lakini nimezifuatia habari zake kwa muda sasa, na naona kwamba jambo lake kubwa zaidi halimo katika sura ile. Mzee huyu alitaka mashine ambayo kazi ikienda mrama, itangaze yenyewe. Hebu nipeni dakika chache niwasimulie maisha yake, nanyi mtaona hiyo kengele ilitoka wapi na inalia wapi siku hizi.

Babbage alizaliwa mjini London tarehe 26 Desemba 1791, siku moja tu baada ya Krismasi. Baba yake, Benjamin, alikuwa mtu wa benki, kwa hivyo nyumbani hakukuwa na shida ya mkate. Shida ilikuwa afya. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua homa, hata wazazi wakampeleka shule moja ya mashambani, na mwalimu akaonywa asimchoshe kijana ubongo kwa masomo mengi. Ni nani kati yetu asiyeitamani shule ya namna hiyo!

Ubongo wenyewe, hata hivyo, haukukubali kupumzishwa. Akipewa kitu cha kuchezea, alitaka kujua ndani mna nini, na asipojibiwa alikivunja ajionee mwenyewe. Siku moja mama yake alimpeleka kwenye maonyesho ya fundi mmoja aitwaye Merlin, na huko darini akaonyeshwa mwanasesere wa fedha, mwanamke mdogo aliyecheza dansi kwa nguvu za magurudumu na springi, ndege akimtua kidoleni. Kijana hakumsahau. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye jina, alimkuta mwanasesere yule akiuzwa mnadani, akamnunua kwa pauni 35, akamtengeneza na kumweka sebuleni mwake. Aliwahi pia kujitengenezea viatu vya mbao ili atembee juu ya maji ya mto, na nusura azame. Huyo ndiye Babbage: kila wazo lazima lijaribiwe, liwe la busara au la wazimu.

Mwaka 1810 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hesabu. Huko alipata rafiki wa kufa na kuzikana, John Herschel, mwana wa mnajimu yule aliyeigundua sayari ya Uranus. Mwaka 1814 alimwoa Georgiana Whitmore, wakahamia London.

Sasa tufike mwaka 1821, kwa maana hapo ndipo hadithi inapoanza hasa. Babbage na Herschel walikuwa wamepewa kazi ya kuhakiki majedwali ya hesabu za nyota. Sisi tunayo majedwali yetu, kile kijitabu chembamba chenye logarithimu, saini na kosaini ambacho kikikosekana siku ya mtihani mtu hutokwa na jasho. Kwa watu wa karne ya 19 majedwali yalikuwa zaidi ya hapo. Nahodha baharini aliangalia jua au mwezi, akapima pembe, kisha akafungua kitabu cha majedwali ajue yuko wapi duniani. Tarakimu moja ikiwa si sahihi, chombo kinaelekea mwambani na nahodha anaamini yuko kwenye maji makuu.

Na ni nani aliyeyatengeneza majedwali hayo? Watu. Watu walioketi mezani kutwa kucha wakijumlisha na kutoa, kwa kalamu na karatasi. Kisha mwingine akanakili, mwingine akapanga herufi za risasi, mwingine akachapa. Katika kila hatua ya hizo, 3 inaweza kugeuka 8 bila ya kelele yoyote. Herschel na Babbage walikuwa na hesabu zile zile zilizofanywa na watu wawili mbalimbali, wakawa wanazilinganisha mstari kwa mstari. Makosa yalikuwa tele, hata Babbage akachoka roho na kutamka kwamba laiti hesabu hizi zingefanywa na mvuke. Alimaanisha mashine, kama zile zilizokuwa zikiendesha viwanda.

Msidhani alitia chumvi. Mwaka 1834 mwandishi mmoja, Dionysius Lardner, alieleza kwamba katika vitabu 40 vya majedwali yalikuwa yamekwisha kukiriwa makosa 3,700, yaani yale yaliyogunduliwa tu! Ilifika mahali kitabu kimoja cha logarithimu kikatolewa masahihisho, masahihisho yale yakawa na kosa, yakasahihishwa, na sahihisho la sahihisho likahitaji sahihisho. Kosa lililochapishwa halina sauti. Linakaa ukurasani kwa heshima zake, limevaa nguo zile zile za jibu sahihi.

Basi Babbage akaanza kubuni mashine aliyoiita Mashine ya Tofauti. Jina linatokana na ujanja ambao ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Chukua nambari za mraba: 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti zake ni 3, 5, 7, 9. Tofauti za hizo tofauti ni 2, 2, 2. Kwa hivyo ukijua ile 2 ya mwisho, unaweza kupata mraba wowote unaofuata kwa kujumlisha tu, bila ya kuzidisha hata mara moja. Kujumlisha ni kazi ambayo gurudumu lenye tarakimu kuanzia 0 hadi 9 linaiweza. Na ili mnakili na mpanga herufi wasipate nafasi ya kuharibu, mashine ilikuwa ichape matokeo yenyewe.

Mwaka 1822 alionyesha mfano mdogo, na mwaka 1823 serikali ikakubali kumpa pauni 1,500 za kuanzia. Akamwajiri fundi hodari wa vyuma, Joseph Clement. Mashine ilikuwa iwe na vipande kama 25,000, kila kimoja kikatwe kwa mkono wa fundi mwenye ustadi wa juu. Miaka ikaenda. Fedha zikaenda pia.

Mwaka 1827 ulimpiga vibaya. Katika mwaka huo mmoja alifiwa na baba, akafiwa na mwanawe aliyeitwa Charles kama yeye, kisha akafiwa na mkewe Georgiana. Kati ya watoto wanane waliozaa, wachache tu ndio waliofikia utu uzima. Babbage aliondoka Uingereza akasafiri Ulaya karibu mwaka mzima, na waliomjua walisema hakurudi kuwa mtu yule yule. Akiwa huko nje akachaguliwa kuwa profesa wa hesabu wa Cambridge, kiti kile kile alichokuwa amekikalia Isaac Newton. Alikishikilia kuanzia 1828 hadi 1839 na hakufundisha hata kipindi kimoja. Walimu wetu tafadhali msimwige.

Mwaka 1832 sehemu moja ya mashine iliunganishwa, kiasi cha moja ya saba ya ile ya kupigia hesabu, ikafanya kazi barabara. Babbage aliiweka nyumbani kwake, na siku za Jumamosi jioni wakubwa wa London walikuja kuitazama, akiwemo Charles Darwin. Mwaka 1833 akaja msichana wa miaka 17 aliyependa hesabu, Ada, binti wa mshairi Byron. Huyo mtakutana naye tena. Lakini mwaka huo huo Babbage na Clement walikosana kwa mambo ya malipo na ya kuhamisha karakana. Clement akasimamisha kazi na kubaki na vifaa vyake, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa wakati ule. Kazi ikafa hapo. Serikali ilikuwa imetoa pauni zaidi ya 17,000, wakati ambapo garimoshi moja jipya lilipatikana kwa chini ya pauni 800. Pigeni hesabu wenyewe ni magari mangapi.

Nisimame kidogo hapa, kwa sababu kuna jambo katika michoro ya Babbage ambalo lilinifanya niipende habari hii. Gurudumu la tarakimu linaweza kusimama sawasawa kwenye 3, au sawasawa kwenye 4. Je, likisimama katikati? Mashine ya mtu mwingine ingesoma tu chochote na kuendelea mbele. Babbage aliweka vipande vya chuma vinavyoingia kati ya meno ya magurudumu. Gurudumu likiwa limejongea kidogo, kile kipande hulisukuma likarudi mahali pake. Likiwa limepotoka sana, kipande hakiingii, na mashine nzima hukwama. Alikusudia ikwame! Kwake yeye, mashine iliyokwama ilikuwa bora kuliko mashine inayozunguka vizuri huku inatoa uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na Babbage alitaka chuma kisiweze kuficha maradhi.

Kuanzia mwaka 1834 alipata wazo kubwa zaidi, ndilo lililompa jina la baba wa kompyuta. Hii aliiita Mashine ya Uchanganuzi. Ingekuwa na ghala la kuwekea nambari na kinu cha kuzisagia, nayo ingepokea amri kwa kadi zilizotobolewa matundu, kama zile alizozitumia Mfaransa Jacquard katika mashine za kufuma hariri. Ukibadilisha kadi, umebadilisha kazi. Hiyo ndiyo programu, na umeme wa nyumbani haukuwa umefika popote!

Na humo ndimo mlimokuwa na kengele. Tuseme mashine imo kazini na inahitaji logarithimu ya nambari fulani. Ingepiga kengele ndogo, isimame, na kuonyesha nambari inayoitaka. Mhudumu angekwenda sandukuni, atoe kadi yenye nambari hiyo pamoja na logarithimu yake, aiweke mahali pake. Kabla ya kuitumia, mashine ingelinganisha nambari iliyo kwenye kadi na ile iliyoomba. Zikilingana, kazi inaendelea. Zisipolingana, kengele yenye sauti kubwa zaidi ingelia, mashine ingesimama, na mhudumu angeona kibao kinachomwarifu kwamba kadi aliyoileta siyo. Fikirini hilo! Mashine ya karne ya 19 inayomkatalia mtu, na isiyokubali kuendelea mpaka aende akalete kitu sahihi.

Sasa turuke karibu miaka 140. Katika nchi ya Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao Unix, wakauelezea katika makala ya mwaka 1974. Katika mfumo huo programu huanzishwa na programu nyingine. Ile iliyoanzisha huitwa mzazi, na iliyoanzishwa ni mtoto. Mtoto anapomaliza hafi kimyakimya. Humwachia mzazi nambari moja kama salamu ya kuagia, na katika nambari hiyo mzazi hujua mwanawe ameondokaje. Linux, iliyokuja baadaye, hufanya vivyo hivyo. Nambari hizo huwa kati ya 0 na 255.

Sifuri maana yake ni salama, kazi imekwisha kama ilivyoagizwa. Ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo kupata sifuri ni jambo la kushangilia! Nambari nyingine yoyote ni kengele. 1 ni kosa kwa jumla tu, bila ya maelezo. 2 mara nyingi humaanisha kwamba umeitumia amri vibaya. Ukiona 127, amri uliyoiandika haikupatikana kabisa, aghalabu umekosea herufi, na 126 ni kwamba ipo lakini haiwezi kuendeshwa, kwa mfano huna ruhusa. 130 ni kwamba mtu ameikatiza kwa kubonyeza Ctrl pamoja na C. Hiyo ni 128 ukijumlisha 2, kwa kuwa ishara ile ya kukatiza yenyewe ni nambari 2. Watu wa Chuo Kikuu cha Berkeley nao waliorodhesha zao kutoka 64 hadi 78: 65 ikiwa data iliyoletwa ni mbovu, 66 ikiwa faili la kusomwa halipo, na kadhalika. Hiyo 66 si ni mhudumu aliyerudi kutoka sandukuni mikono mitupu? Na 65 ndiyo ile kadi isiyofaa. Mwenye kutaka kujionea, akikaa kwenye kompyuta ya Linux aandike amri yoyote, kisha mara tu baada yake aandike echo $? na nambari itatokea.

Kuna wanaouliza kwa nini kufaulu kupewe sifuri na si 1. Jibu ni kwamba kufaulu ni kwa namna moja tu, lakini kufeli kuna namna nyingi, na kila namna inataka nambari yake. Na msidhani haya ni mapambo. Tuseme ofisi ya shule ina programu mbili zinazofuatana: ya kwanza inanakili alama za mtihani kwenye diski mpya, ya pili inafuta zile za diski ya zamani. Ya kwanza ikiondoka na 1 kwa sababu diski imejaa, na ya pili isiulize, alama za shule nzima zimekwenda na maji. Ikiuliza, itasimama. Bila shaka mwandishi wa programu akiwa mvivu anaweza kuifanya iage kwa 0 hata kama imeharibu kila kitu, na hapo tumerudi kwa mpanga herufi na ile 3 yake iliyogeuka 8. Sisemi kwamba Wamarekani hao waliiga kengele ya Babbage. Nasema tu ugonjwa ni ule ule na dawa ni ile ile.

Turudi kwa mzee wetu, ambaye mambo yake hayakuishia kwa sifuri. Mwaka 1842 serikali ilitangaza rasmi kwamba haitatoa hata senti nyingine. Mnamo Novemba alikwenda kumwona waziri mkuu, Robert Peel, na badala ya kuomba kwa upole akaanza kulalamika jinsi alivyoonewa. Wakaachana vibaya. Kwa maoni yangu hapo Babbage alikuwa mwerevu wa vyuma na mjinga wa watu. Mwaka uliofuata, 1843, yule binti Ada, sasa Bi. Lovelace, alitafsiri makala ya Mwitalia Luigi Menabrea kuhusu Mashine ya Uchanganuzi na kuongeza maelezo yake mwenyewe marefu kuliko makala yenyewe, pamoja na hatua za kuiwezesha mashine kukokotoa nambari za Bernoulli. Alifariki mwaka 1852, na miaka yake 36 tu.

Babbage hakukata tamaa. Kati ya 1847 na 1849 alichora Mashine ya Tofauti ya pili, nyepesi na bora kuliko ya kwanza, yenye vipande kama 8,000. Hakuna aliyetoa fedha za kuijenga. Baba na mwana kutoka Uswidi, Georg na Edvard Scheutz, walijenga yao wakifuata wazo lake, wakaimaliza mwaka 1853, na Babbage badala ya kuona kijicho akawasifu mbele za watu. Moja ya mashine za namna hiyo ilitumika London kutengeneza majedwali ya maisha na vifo vya watu, yaliyotolewa 1864, ila ilihitaji kuangaliwa kila wakati kama mtoto mchanga.

Uzeeni alikuwa na uchungu mwingi. Alipigana na wapiga muziki wa mitaani waliomzuia kufikiri, wakalipiza kwa kuja kumpigia chini ya dirisha, hata sheria ya kuwadhibiti ilipopitishwa 1864. Alifariki nyumbani kwake London tarehe 18 Oktoba 1871, akiwa karibu kutimiza miaka 80. Hakuacha mashine hata moja iliyokamilika. Aliacha michoro, maelfu ya kurasa. Ubongo wake ulihifadhiwa, nusu katika chuo cha madaktari wapasuaji cha London na nusu katika Jumba la Sayansi.

Jumba hilo la Sayansi ndilo lililoamua, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, kuijenga Mashine ya Tofauti ya pili kutoka kwenye michoro yake, kwa vipimo ambavyo mafundi wa wakati wake wangeviweza. Sehemu ya kupigia hesabu ilikamilika mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe, na ya kuchapia mwaka 2002. Yote pamoja ilikuwa na uzito wa tani 5. Mafundi wanasema walisumbuliwa sana na kukwama. Waliunganisha, wakazungusha mpini, ikakwama. Wakatafuta sababu miongoni mwa maelfu ya vipande, wakairekebisha, ikakwama tena mahali pengine. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inakataa, kama alivyoiagiza mwenyewe. Kisha siku ikafika mpini ukazunguka hadi mwisho, nguzo za magurudumu zikapanda na kushuka, na hesabu zikatoka zenye tarakimu 31, sahihi zote.